Aliyeuliza Kinyonga Hulala Wapi

Siku jirani yetu alipompelekea fundi kazi ya kizimba, fundi hakushika futi. Jirani alikuwa amekuja na karatasi iliyoandikwa kila kitu: urefu, upana, kimo, milango mingapi, kufuli likae wapi. Fundi aliisoma mpaka mwisho, akaikunja, akaibana chini ya jiwe la kunolea patasi isichukuliwe na upepo. Kisha akauliza, kwa ile sauti ambayo wazee huulizia hali ya mgonjwa, "Huyo atakayekaa humo, yeye hulala wapi?"

Jirani alijibu kwamba atalala humo ndani, si ndiyo maana ya kizimba.

"Hapana, mwanangu. Nauliza sasa hivi. Jua likishazama, huko aliko, yeye hulala wapi?"

Hakuna aliyejua. Aliyekuwa anajengewa ni kinyonga wa pembe tatu, ambaye sisi tuliozaliwa huku juu ya mji wa Embu, kwenye barabara ya kwenda Manyatta na Kianjokoma, tumepishana naye tangu utotoni. Jirani, mwalimu mstaafu, alikuwa ameshapata kibali cha shirika la wanyamapori, KWS, jinsi sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inavyotaka, na nia yake ilikuwa watoto wa shule waje watazame. Alikuwa amefikiria yote isipokuwa usiku. Nami niliyekuwa nimemsindikiza tu nilisimama pale katikati ya maranda nikaona haya, maana miaka arobaini na kitu nimeishi na kiumbe huyu bila kumuuliza swali hilo.

Basi fundi akasema kazi haianzi mpaka tumwone amelala.

Tulikwenda usiku uleule, watu watatu na tochi moja, tukafuata ua wa kaiyaba uliozunguka boma la mama yangu. Aliyekulia huku hahitaji kuelezwa kaiyaba: miba mirefu kama sindano ya gunia, matunda ya manjano yanayokaza meno kwa ukali, na majani yasiyosalimu amri hata kiangazi kikivuta. Asili yake ni kusini mwa Afrika, lakini ulipopandwa mipakani mwa mashamba yetu vinyonga waliuchukua ukawa mji wao. Mchana unaweza kupita mbele yake mara kumi usimwone hata mmoja. Usiku, tochi huwafichua wote. Rangi alizojifichia mchana amezivua. Amepauka kama jani lililogeuzwa upande wa chini, macho yamefumbwa, mkia umejiviringa vizuri kama kamba iliyokunjwa na mtu mwenye adabu ya vyombo. Tulihesabu sita kabla ya kufika kona. Wote sita walikuwa wamelala mahali pa namna moja: kwenye ncha kabisa ya kitawi, pale ambapo kitawi hakiwezi kubeba kitu kingine chochote.

Fundi aliweka kidole nyuma ya kitawi kimoja, mbali na mnyama, akakibonyeza kidogo tu. Kinyonga akafumbua jicho.

"Umeona?" akanong'ona. "Nyoka akipanda, kitanda kinamwamsha."

Akajaribu kitawi cha pili, na cha tatu, akivipima mnepo kwa kidole kama mwanamke anayepima unga wa chapati. Mwishoni akavunja kijiti kikavu chenye unene uleule, akakitia mfuko wa shati mahali pa kalamu. Kwa wiki tatu zilizofuata, kijiti hicho ndicho kilichokuwa futi yake.

Nimeandika habari hii kwa sababu nadhani nilichokiona ni ufundi mzima, kuanzia mzizi. Tumezoea kumsifu seremala kwa kiungo kinachobana na kwa uso wa mbao uliolainika. Hayo yapo, na fundi huyu aliyajua. Lakini kujengea mnyama asiyeweza kusema ni kazi ya namna yake. Mtu ukimjengea nyumba mbaya atakulaumu, atakunyima pesa, atakutangaza sokoni. Kinyonga ukimjengea vibaya atakaa kimya, ataacha kula, na siku moja utamkuta chini. Malalamiko yake yote huyatoa mara moja tu, tena mwishoni. Kwa hiyo fundi lazima amsikilize mapema, kabla mbao hazijakatwa.

Mbao zilikuwa za mukima, ule mti wa grevilea uliojaa mipakani mwa mashamba ya Embu mpaka mgeni hudhani ni msitu. Kizimba kilipanda kwenda juu, futi tisa, kuliko kilivyotanuka, kwa sababu mwenyewe ni mtu wa kupanda. Ukimpa uwanja mpana wa chini ni sawa na kumpa samaki ngazi. Upande wa mashariki uliachwa wazi ili jua la asubuhi limfikie mapema, maana kinyonga wa mlimani huamka amejaa baridi na hawezi kuwinda kabla hajapata moto. Pembe ya magharibi ikaezekwa kwa nyasi ili saa nane mchana awe na pa kukimbilia. Kioo hakikutumika hata kipande. Kioo hufuga joto, na dume akiona kivuli chake mwenyewe hudhani mpinzani amehamia. Hukasirika mchana kutwa, akalala na njaa.

Waya ndiyo iliyonigusa zaidi. Fundi hakununua waya ya kuku, aliyosema matundu yake yanamvunja kinyonga kucha. Alitoa nyuma ya karakana bunda la waya ya kahawa, ile yenye macho madogo iliyotandazwa juu ya meza za kuanikia viwandani. Wa umri wangu tunaikumbuka: meza ndefu za mbao mteremkoni, kahawa imelala juu yake kama kokoto nyeupe, na akina mama wakipita huku na huku wakichagua mbovu. Kisha mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliogawia nchi mafungu ya mauzo ukavunjika, bei ikaporomoka, na huku kwetu watu wakaanza kuipa migomba na mahindi nafasi iliyokuwa ya mibuni. Meza zilioza. Waya ikauzwa kwa kilo. Fundi aliinunua alipoweza, akaikung'uta, akaihifadhi, bila kujua itamfaa nini. Sasa aliikata, akakunja ncha zake zote na kuzificha chini ya upapi wa mbao, akapitisha kiganja chake kila kona ya ndani kutafuta mahali panapokwaruza. Alipomaliza nikamsifu kwamba imekaza vizuri, hata kinyonga atapanda bila taabu.

"Akipanda kwenye waya," akanijibu, "ujue nimeshindwa. Mwenye nyumba akining'inia ukutani, anatafuta mlango."

Ndiyo maana ndani alipanga fito, nyingi, za unene tofauti: nene za kupita, nyembamba za kuwinda, na juu kabisa, zikiyumba, zile za mfuko wa shati. Akatoboa mtungi wa plastiki kwa sindano, akautundika, akaufunga uzi wa katani ili tone lishuke taratibu mpaka juu ya jani. Kinyonga hanywi kwenye bakuli. Maji yaliyotulia hayajui. Yeye hunywa umande na mvua, kitu kinachometameta na kudondoka. Chini hakumwaga saruji. Aliacha udongo, akaufunika kwa majani makavu, kwa sababu jike wa aina hii hatagi. Hubeba mimba miezi mitano, sita au zaidi, akazaa watoto hai, kumi au ishirini na zaidi, na kila mmoja huanguka kutoka tawini siku anayozaliwa. "Mtoto aangukie majani," alisema, kana kwamba ni jambo ambalo kila mtu analijua.

Kila alichokuwa akikipanga, mimi nilikuwa nikikumbuka mkebe. Nikiwa darasa la sita nilimkamata kinyonga kwenye ua uleule wa mama. Wenzangu walikuwa wakiwapiga mawe, kwa maana tulifundishwa kuwaogopa. Katika jamii nyingi za Kibantu husimuliwa kwamba kinyonga ndiye aliyetumwa kuwaletea watu habari kwamba hawatakufa, akachelewa njiani, akagugumiza, na mjumbe mwingine akamtangulia na habari ya kifo. Basi tulimwadhibu kwa kifo chetu. Mimi nilitaka kumwokoa. Nilimtia katika mkebe wa mafuta ya Kimbo, nikatoboa mfuniko kwa msumari matundu saba, nikamwekea maji katika kizibo cha soda, nikauweka mkebe dirishani ili apate mwanga. Nilijiona mwema sana. Siku ya pili jioni nilifungua nikamkuta amekuwa mweusi, na kizibo kimejaa maji kama nilivyokiweka. Nilimzika nyuma ya zizi, sikumwambia mtu. Hadi nilipouona ule mtungi wenye uzi wa katani sikuwa nimeelewa kwamba alikufa na kiu yake kando ya maji.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mkebe wangu ulikuwa na mfuniko mzuri.

Sikumjua fundi huyu kwa kizimba hicho tu. Kabla yake aliwahi kuchukua kazi chini Mbeere, upande wa Kiritiri, ambako joto ni jingine na udongo ni mwekundu, na mabwawa ya Mto Tana, Kamburu, Gitaru na mengine, yamewapa kenge pwani ambayo babu zao hawakuijua. Mwenye kibali alitaka boma la kenge wawili, la mawe, kubwa kama darasa. Kenge wa majini hufika mita mbili, na hana simile: huchimba, hupanda, huogelea, huvunja. Fundi alishuka na msingi futi tatu ili usipitiwe chini, akalainisha ukuta kwa ndani, akajenga ukingo wa juu ukiinamia ndani. Hayo fundi yeyote makini angeyafanya.

Lakini katikati ya kiwanja kilichochaguliwa kulikuwa na kichuguu, na vibarua walikuwa wameshaanza kukipiga sururu. Fundi aliwasimamisha. Kenge jike, akifikwa na wakati wake, hutafuta kichuguu kilicholainishwa na mvua, hutoboa ubavu wake, hutaga humo mayai kwa makumi, akaenda zake. Mchwa, ambao hawavumilii tundu katika nyumba yao, huziba. Mayai hubaki humo miezi na miezi katika joto lisilopanda wala kushuka, unyevu usiopungua, ukuta usiopenyeka, mpaka msimu wa mvua mwingine ulainishe udongo na watoto wajichimbue. Hakuna mashine ya kuangulia iliyotengenezwa na binadamu inayomzidi mchwa kwa kazi hiyo, na yeye haombi umeme. Fundi alibadili ramani. Alizungusha ukuta mzima, akapoteza siku nne na mawe yaliyokwisha kuchongwa, ili kichuguu kibaki ndani. Mwenye kazi alilalamika juu ya gharama. Fundi alimwambia kwamba katika boma lile kulikuwa na fundi aliyetangulia kufika, na yeye hakulelewa kumfukuza mtu kazini kwake.

Sanaa hii haina historia ndefu kwetu, au kama inayo, haikuandikwa. Tunajua Snake Park ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1961 kando ya makumbusho, na wengi wetu ndiko tulikopelekwa na walimu tukiwa na sare zilizopigwa pasi. Tunajua James Ashe na mkewe Sanda walianzisha kituo cha nyoka cha Bio-Ken kule Watamu mwaka 1980. Majina ya waliokamata, waliofuga na waliotibu tunayasoma. Majina ya waliochimba mashimo, waliolainisha kuta na kutundika milango isiyobana mkia wa mtu, mimi sijawahi kuyaona mahali.

Hata kinyonga wetu, jina lake la vitabuni alipewa London mwaka 1896 na George Boulenger, kwa heshima ya Frederick Jackson, ofisa wa Kiingereza ambaye baadaye akawa gavana wa Uganda. Wa miteremko ya Mlima Kenya walitambuliwa kama tawi lao wenyewe mwaka 1988, xantholophus, wenye kishungi cha manjano. Lakini kabla hawajapewa jina hilo walikuwa wameshasafirishwa. Mwaka 1972 makumi kadhaa yao walifika Kaneohe, katika kisiwa cha Oahu huko Hawaii, kwa mwenye duka la wanyama wa kufugwa. Safari ilikuwa imewamaliza. Akawaachia bustanini wapate nguvu, na hawakurudi tena dukani. Leo wameenea visiwa kadhaa, wakila wadudu na konokono wa huko ambao hawapatikani popote pengine duniani, na watu wa uhifadhi huwahesabu kuwa balaa. Nikiisoma habari hiyo sioni ubaya wa kinyonga. Naona watu wa nchi mbili waliomtia mfukoni, wakampima uzito, wakampandisha ndege, wakampokea, wakamtafutia bei, na katika mkono wote huo mrefu hapakuwa na mmoja aliyeuliza hulala wapi. Mlango wa biashara hiyo ulifungwa hapa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Swali lenyewe lilibaki bila jibu.

Na sasa linazidi kusahauliwa. Siku hizi ukitaka kizimba utakipata kwa mchana mmoja. Kijana atachomelea vyuma vya pembe nne, atapaka rangi ya kung'aa, atakifunga waya ya kuku, na jioni kitakuwa juu ya pikipiki. Au kioo, chenye taa ya rangi na jiwe la plastiki, ili mgeni sebuleni aseme lo! Kipimo ni cha meza, ni cha kona ya nyumba, ni cha mlango wa gari la kukibebea. Mnyama huletwa mwisho, kama ua la kuchomeka katika chombo. Wala simkusudii kijana wa kuchomelea. Yeye huuza anachoagizwa. Nawakusudia sisi tunaoagiza, ambao tumeacha kutofautisha kumfuga kiumbe na kumhifadhi kama kitu.

Fundi mwenyewe ameacha kazi. Macho yalianza kufunga ukungu, na mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa kutazama hakutaka kukisia. Kijana aliyemfunza, mwenye mkono mzuri kweli, sasa anafunga madirisha ya alumini mjini, maana kuna nyumba mia za kuwekwa madirisha kwa kila kizimba kimoja. Patasi na randa zimefungwa katika gunia. Nilipomtembelea mara ya mwisho alinishika mkono, akaniuliza kama vinyonga bado wamo katika ua wa mama.

Sikumjibu vizuri. Nilisema nitaangalia.

Ukweli ni kwamba ua haupo. Baada ya wezi kuingia mara ya pili, tulikaa kikao mimi na ndugu zangu, tukakubaliana kwa sauti moja kujenga ukuta wa mawe. Ulikuwa uamuzi wa busara. Kila aliyekuja nyumbani alituambia hivyo. Trekta liling'oa kaiyaba kwa asubuhi moja, mizizi na yote, tukaichoma, moshi ukakaa bondeni siku mbili. Sikwenda na tochi usiku wa kuamkia siku hiyo. Nilijua hulala wapi. Nilikuwa nimeonyeshwa. Nilijua pia kwamba kinyonga akisikia kitanda kinatikisika hufumbua jicho, kisha hujiachia aanguke chini, kwa kuwa kwa nyoka hiyo inatosha.

Wiki iliyopita nilivuka barabara kwenda kwa mwalimu. Kizimba kimesimama, mukima imepauka ikawa rangi ya fedha, waya ya kahawa haijalegea. Ndani, katikati, umeota mti ambao sikuwa nimeukumbuka: fundi, akimalizia kazi, alikuwa ameomba mche mmoja kutoka chini ya ua wa mama, akaupanda humo mwenyewe, akisema fito ni za kuanzia tu. Sasa umefika paa. Ni kaiyaba, na sijaona nyingine ikibaki kwenye barabara yetu.

Nikasubiri giza. Mwalimu alinipa tochi. Kinyonga alikuwa juu kabisa, ncha ya kitawi, amepauka, mkia umekunjwa vizuri. Sikukigusa kitawi. Nikazima, nikaaga, nikatoka barabarani, nikaiwasha tena kuelekea kwetu. Mwanga ulipita juu ya mawe kutoka kona hadi kona, taratibu, mara mbili, usishike kitu.